Baba Hayumo Namba Mia Mbili na Tisa

Kaburi zuri kuliko yote kwenye makaburi ya mtaa wetu lina jina la baba yangu, na baba yangu hayumo. Lina marumaru nyeupe, lina msalaba wa zege, na tarehe zake mbili zimechongwa bila kosa. Aliyelala chini yake simjui. Mama yangu naye hakumjua. Kamati ya makaburi haimjui vilevile, ingawa ukienda leo kuwauliza watakuambia bila kupepesa macho kwamba Baba yuko namba mia mbili na tisa.

Nina duka dogo la kompyuta Majengo. Natoa fotokopi, nachapa barua za watu, nasafisha mashine zilizoingiwa na virusi. Kazi hii niliisomea Dar es Salaam, nikarudi Songea kujitegemea. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alikuwa ameondoka nyumbani kwetu Lizaboni kwenda Makambako kwa kaka yangu kulea wajukuu, akakaa huko miaka mingi kuliko alivyokusudia. Nilipokwenda kumchukua alikuwa amekonda, miguu inavimba, na kichwani ana jambo moja tu. Alitaka kaburi la Baba lijengewe yeye akiwa hai, na siku yake ikifika alazwe ubavuni kwa mumewe. Kwetu mwanamke akiolewa ameolewa, na huzikwa kwa mume. Mama alilisema hilo karibu kila siku, akichambua maharage, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi.

Sasa nimseme katibu. Katibu wa kamati ya makaburi ni mzee mstaafu, nadhifu, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Mwanawe alimletea kompyuta, na mzee hakutaka ikae bure. Misalaba ya mbao ilikuwa inaliwa na mchwa, mingine inaondoka na watafuta kuni, kwa hiyo akapata wazo ambalo, sitaki kumwonea, lilikuwa zuri. Alimchukua mchimba makaburi wa siku nyingi, mtu aliyekumbuka karibu kila aliyemfukia, wakapita kaburi kwa kaburi kuanzia getini. Kila kaburi likapata mstari wake kwenye kompyuta: jina, ukoo, mwaka. Pale ambapo msalaba umeshaanguka na mchimbaji naye hakumbuki, waliandika "Hajulikani" wakasonga mbele. Siku hizo msalaba wa Baba ulikuwa bado umesimama, kwa hiyo aliandikwa mahali pake hasa.

Baada ya hapo vikaja vigingi vya zege, kila kaburi kigingi chake, kimepakwa namba kwa rangi nyeupe. Namba yenyewe ilikuwa ile ambayo kompyuta huiweka pembeni kushoto mwa kila mstari, mstari wa kwanza moja, wa pili mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mzee hakuiandika namba hiyo mahali pengine popote. Aliona haina haja.

Mimi niliiona hatari hiyo mapema, na bado inaniuma. Kompyuta ya mzee iliingiwa na virusi, akaniletea dukani ikiwa imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Nilipomaliza kuisafisha nikafungua lile faili kuhakikisha halijaharibika.

"Mzee, shikamoo tena," nikamwambia kwa utani, maana nilikuwa nimeshamwamkia. "Namba za vigingi umeziandika wapi?"

"Si hizo hapo pembeni."

"Hizo ni namba za mistari, Mzee. Si za marehemu. Ongeza safu moja, uandike namba ya kila kaburi kwa mkono wako, na ukishaandika isiguswe tena."

"Binti yangu, kompyuta imeshaandika, na mimi niandike tena? Hiyo si namna yenu ya kujitafutia kazi?"

Nikamwelezea kwa mfano wa foleni kwenye mashine ya kusaga. Wewe ni wa tano mpaka wa tatu atakapokasirika na kuondoka na debe lake. Hapo hapo unakuwa wa nne, na anayekutafuta kwa kuulizia "yule wa tano" atampata mtu mwingine kabisa. Mzee alicheka mpaka akatoa leso.

"Hawa wa kwangu, binti, hawaondoki kwenye foleni."

Nilicheka na mimi, maana ulikuwa utani mzuri. Nikamwomba basi angalau nimtunzie nakala ya faili. Hapo hakucheka. Alisema majina ya marehemu hayalali dukani pamoja na kalamu na bahasha, akaifunga kompyuta yake kwenye kitenge akaondoka. Sikuweza kumlazimisha mtu mwenye umri wa baba yangu.

Kilichofuata nilisimuliwa na wanawake wa jumuiya, kwa sababu siku yenyewe nilikuwa Makambako nafungasha mizigo ya Mama. Ilikuwa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, misa ikasomwa kule kule makaburini. Safari hii, badala ya kila familia kuleta majina yake kwenye vikaratasi, katibu alisoma kutoka kwenye orodha, kwa kipaza sauti. Akaanza vizuri. Kisha akafika kwa wale wasiojulikana. Akasoma "Hajulikani," akasoma jina la mtu, akasoma "Hajulikani" tena, mara mbili tatu mfululizo. Vijana nyuma wakaanza kucheka kwa kujizuia. Bibi mmoja akasimama katikati ya misa na kuuliza hao Hajulikani ni ukoo wa wapi, na kama kamati imekuja kuombea watu au kuwatukana.

Mwenyekiti wa kamati aliona aibu. Akamwambia katibu aisafishe orodha, kitu kama hicho kisisikike tena. Mzee akaenda nyumbani, akakaa na kompyuta yake, akawafuta Hajulikani wote, mmoja baada ya mwingine. Kila alipofuta mmoja, wa chini yake wote walipanda nafasi moja, na kompyuta ikazipanga namba upya pembeni. Makaburi yenyewe yalibaki palepale na vigingi vyake. Alipomaliza alikuwa na orodha safi, kuanzia moja mpaka mwisho, bila pengo. Alijivunia sana jambo hilo, alikuja kuniambia mwenyewe baadaye: hakuna namba iliyoruka.

Mimi na Mama tulirudi Songea hatujui lolote. Tulipokwenda makaburini tulikuta mahali pamebadilika. Mikaratusi ambayo Mama aliitumia kama alama ilikuwa imekatwa ili kutengeneza mabenchi ya kanisa. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita na kumaliza misalaba ya mbao iliyobaki. Mchimba makaburi naye alikuwa amefariki. Mama alisimama katikati ya matuta yanayofanana, akageuka huku na huku, akasema, "Alikuwa upande huu. Upande huu huu." Zaidi ya hapo hakuweza.

Tukaenda kwa katibu. Nilimuuliza kwa heshima zote kama namba zipo vilevile.

"Vilevile," akasema. "Hakuna iliyoruka."

Akaandika jina la Baba, kompyuta ikaenda moja kwa moja kwenye mstari wake, mzee akaweka kidole kwenye kioo. Mia mbili na tisa. Mama akapiga kigelegele kidogo pale pale sebuleni kwa watu. Tukaenda kwenye kigingi chenye namba hiyo, na kweli kilikuwa upande ule ule alioukumbuka.

Kaka yangu alikuja na familia yake yote. Fundi akajenga, jumuiya ikaimba, padre akabariki. Mtani wetu mmoja alijilaza juu ya marumaru kabla hazijafutwa vumbi, akagoma kuondoka mpaka apewe kuku, watu wakacheka mpaka wakasahau kwamba wako makaburini. Mama alivaa kitenge kipya. Watu walipoanza kutawanyika aliinama, akaweka kiganja juu ya jina, akasema taratibu, "Nimechelewa, lakini nimekuja."

Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya misa alikuwa anapanda bodaboda kwenda kumwamkia. Anakaa ukingoni mwa kaburi, anavua viatu, anaongea. Nilimsindikiza mara kadhaa nikamsikia. Alimweleza habari za miguu yake, habari za mjukuu aliyefeli, habari za mkwe wake wa Makambako ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Alimweleza mambo ambayo mke humwambia mumewe tu. Nilikuwa najisogeza pembeni kwa adabu.

Ulipita zaidi ya mwaka, kisha familia moja ikaja kutoka Mbinga kumtafuta dada yao. Katibu aliandika jina, kompyuta ikatoa namba, wakaenda kwenye kigingi. Wakakuta kaburi la zege la zamani, limeota kuvu, lina jina la babu wa watu wengine. Wale Wamatengo hawakuwa watu wa mzaha. Walimwambia mzee hawatoki Songea mpaka awaonyeshe dada yao amemweka wapi. Ndipo akanikumbuka mimi na duka langu.

Aliingia na kompyuta yake kwenye kitenge, shati limeloa jasho mgongoni.

"Binti, namba zimechanganyikiwa."

"Ulifuta mtu?"

"Sijafuta mtu. Nilisafisha tu wale Hajulikani."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini polepole kwa sababu nilihisi nitamrushia mzee wa watu. Sikumfikiria yule dada wa Mbinga hata kidogo, Mungu anisamehe. Nilimfikiria Mama. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na alikuwa ameshafua kitenge cha Jumapili.

Nilikwenda makaburini na kompyuta ya mzee mkononi. Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Makaburi ya zege ya zamani yana majina, na hayo ndiyo yaliyokuwa mashahidi wangu. Nilitafuta lililo karibu zaidi kabla ya letu: kwenye kompyuta marehemu yule alikuwa mia moja na tisini, na kigingi chake kilisoma mia moja tisini na nne. Maana yake mpaka hapo walikuwa wamefutwa wanne. Nikatafuta lililo karibu zaidi baada ya letu: hapo tofauti ilikuwa saba. Kwa hiyo wengine watatu walifutwa katikati ya makaburi hayo mawili, na hakuna anayejua walikuwa wapi hasa. Mzee hakukumbuka. Faili la zamani halikuwepo, alikuwa amehifadhi jipya juu yake.

Baba hawezi kuwa mia mbili na tisa. Yuko kwenye kigingi cha mia mbili kumi na tatu, au kumi na nne, au kumi na tano, au kumi na sita. Ni matuta manne yaliyopangana, hayana msalaba, hayana jina, yanafanana. Nilisimama mbele yake nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye. Waliona aibu kuwa na watu saba wasiojulikana, wakaona bora wawafute, na kwa kuwafuta wakanipotezea na baba yangu.

Mama nilimwambia Jumamosi jioni. Nilijaribu kumweleza habari za mistari na namba, akaniambia niache. Akavuta vuta uzi kwenye pindo la khanga.

"Kwa hiyo yule niliyekuwa namweleza mambo yangu yote ni nani?"

"Hatujui, Mama."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hatujui."

Alijifunika khanga usoni. Nimewahi kumwona Mama akilia msibani, na huko wanawake wote hulia. Siku ile ilikuwa tofauti, alikuwa anaona haya, kama mtu aliyekutwa anaongea na mume wa jirani.

Kamati ilikaa kikao, nikaitwa. Nilieleza nilichokipata, nikaomba mambo mawili. Orodha iandikwe upya na kila kaburi lipewe namba yake yenyewe isiyotegemea mstari, na yale makaburi manne yaandikwe kwamba mojawapo ni la baba yangu. Mwenyekiti alinisikiliza huku akichezea funguo za pikipiki. Kisha akasema kwamba dada yetu ni mtaalamu na wanamheshimu, ila makaburi si kompyuta. Baada ya kusema hivyo akaamua kwamba namba zilizomo kwenye kompyuta ndizo zitakazotumika, na mwenye malalamiko aonane na katibu. Sentensi zote mbili alizitoa kwa pumzi moja, na watu wazima wenye akili zao wakaitikia kwa vichwa. Wale wa Mbinga walikuwa wameshachoka kusubiri, walichota udongo wa pale getini kwenye mfuko wakaenda kuuzika kwao.

Katibu alinifuata nje. "Binti, ile kompyuta yenyewe ndiyo iliyozisogeza," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Najua hakukusudia. Najua pia kwamba nilimchukia, na kwamba mpaka leo nikimwona mbali sokoni nabadilisha njia, nisije nikalazimika kumwamkia.

Kuna walionishauri tufukue. Tufukue nini? Watu wanne, ili tumtambue mmoja, na tuvunje zege juu ya wa tano asiye na kosa? Kaka yangu aliuliza kama tunaweza angalau kubandua jina la Baba pale. Mama alikataa. Alisema yule aliyelala pale amemsikiliza mwaka mzima bila kumfukuza, asivunjiwe nyumba.

Novemba iliyofuata Mama alikwenda makaburini na mishumaa minne. Nilimshika mkono kwa sababu ya miguu. Aliwasha mmoja kwenye kila tuta. Upepo ukazima wa pili, akarudi kuuwasha, ukazima wa nne. Kila tuta alisimama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua aseme nini, kwa sababu asingeweza kumwambia mumewe jambo bila kuwaambia na watu watatu wengine. Tulirudi nyumbani mapema, na hakwenda tena.

Mvua zilipokolea akawa hainuki kitandani. Jioni moja aliniita, akamwita na kaka kwa simu, akataka tusikie wote wawili.

"Nikifa nipelekeni kwetu," akasema. Kwetu kwake ni kijiji kilicho mbele ya Peramiho, walikozikwa wazazi wake.

"Mama, tutakulaza pale katikati ya yale manne," nikamwambia. "Utakuwa karibu naye."

"Katikati ya nani na nani? Nikalale ubavuni kwa mume wa mtu? Mimi sijawahi, na sitaanza uzeeni." Alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia. "Nirudisheni kwa baba yangu. Pale namjua kila mtu."

Baba mdogo alikuja kumsihi. Alimwambia shemeji yake kwamba ukoo utaaibika, kwamba kurudishwa kwao ni jambo la mwanamke aliyefukuzwa, na yeye hakufukuzwa na mtu. Mama alimjibu kwa upole kwamba kama kuna anayejua kaka yake amelala wapi amwonyeshe, na yeye atakwenda kwa miguu yake hiyo hiyo mibovu. Baba mdogo akaniomba maji ya kunywa.

Mama alifariki mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Tulimsafirisha asubuhi, barabara ina utelezi, gari lilikwama tukashuka kusukuma na jeneza likiwa ndani. Kijijini kwao walitupokea vizuri. Walichimba kaburi kando ya mama yake, wakafyeka njia, wakapika. Lakini nilikuwa nayaona macho ya watu. Mwanamke mzima, mwenye watoto wakubwa na wajukuu, analetwa kuzikwa kwao. Walihesabu wenyewe vichwani, na mimi nilijua wamepata jibu gani.

Baada ya maziko nilikaa kwenye mkeka na wanawake. Bibi mmoja aliyewahi kuchota maji na Mama wakiwa wasichana, na ambaye hakuwahi kusikia habari zake tangu aolewe, alinisogelea, akanishika goti. Hakuwa na nia mbaya.

"Pole, mwanangu. Kwani mama yenu aliachika lini?"

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo nianze na kompyuta, na vigingi, na orodha iliyosafishwa, nikamtazama yule bibi na mikono yake ya jembe, nikaona hata mimi nisingeamini.

"Mwaka jana, Bibi," nikamjibu.

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Uzeeni hivyo! Na huyo mwanamume yuko wapi sasa?"

Nikamwambia hatujui.